Faili Mbichi ya Nyirabahizi

Ukimtafuta Pancras leo, usijisumbue kupanda kilima cha Ngara mjini, ilipo redio yetu. Yupo kwao Kanazi, anapalilia kahawa na maharage, na ukimkuta shambani atakuuliza habari za watoto, za mvua, za mgonjwa uliyemwacha nyumbani, ila habari za redio hakuulizi. Hata simu yake ni ile ndogo ya vitufe isiyo na redio ndani, na Frida, mkewe, aliniambia aliichagua hivyo makusudi. Mimi Deodata, niliyesoma matangazo na habari wakati yeye akitunza mitambo, nikienda kumsalimia najikuta naongea kwa sauti ya chini kana kwamba nimeingia nyumba yenye msiba. Inaniuma. Nasema wazi kwamba inaniuma, na wa kulaumiwa wapo, lakini Pancras simweki wa kwanza kwenye mstari huo, na anayemweka aje anione.

Alikuwa mtu wa sava. Redio yetu ni ya jamii, ndogo, vyumba vinne na mnara, na chumba kimoja ambacho zamani kilikuwa stoo ya mafagio ndimo ilimokaa sava yenyewe, mashine yenye taa za kijani, feni inavuma kutwa kucha. Kila tulichorekodi kilikwenda kulala humo: kwaya, mahubiri, mafunzo ya kilimo, vikao vya halmashauri, na kipindi chetu cha Natafuta Ndugu. Sisi wengine tulijua tu kwamba ukibonyeza pa kuhifadhi, kitu kimehifadhiwa. Kimehifadhiwa wapi, na mahali penyewe pamebaki kiasi gani, hayo tulimwachia Pancras.

Na Pancras alikuwa na ugonjwa wa nafasi. Mwalike harusini, wenzake wanamtazama bibi harusi, yeye anatazama viti na watu wanaoendelea kuingia mlangoni, halafu anakunong'oneza kwamba leo kuna watakaokula wamesimama. Nyumbani kwake alijenga stoo ya maharage kubwa kuliko sebule, na Frida alilalamika mpaka akachoka. Tulimtania, tukamwita Bwana Nafasi, akacheka na sisi. Lakini kila Jumatatu alikuwa kwenye kile chumba, anaangalia wiki iliyopita imekula kiasi gani, anapiga hesabu kwa mwendo ule sava itajaa lini, kisha anamfuata Danstan, meneja wetu, kumpa majibu.

Mashine ile ilikuwa na matundu mawili matupu kwa mbele. Unanunua diski mbili, unazichomeka pale, umemaliza, miaka kadhaa unapumua. Si kazi ya kujenga daraja jamani. Pancras alimweleza Danstan kwa lugha ambayo mtu yeyote wa kwetu anaielewa, kwamba ghala ni la kupanua mahindi yakiwa bado yamesimama shambani, maana yakishafika uani na mvua nayo imefika huna la kufanya. Danstan ana maneno matamu. Alimsifu, akamwambia aandike maombi yaingizwe kwenye bajeti. Akaandika. Bajeti ikapita, diski hazikuonekana. Mwaka uliofuata akaandika tena, akasifiwa tena.

Sasa kuna jambo moja la kazi yetu ambalo ni lazima nilieleze, la sivyo hutaelewa kilichotupata. Sisi faili tulizigawa kama ndizi, mbichi na mbivu. Ukirekodi mtu, ile rekodi nzima yenye kukohoa, kunyamaza na kurudia rudia ni faili mbichi, nayo ni kubwa, inakula nafasi vibaya sana. Ukishaikatakata na kuisafisha tayari kwenda hewani, inayobaki ni mbivu, ndogo. Utaratibu ulikuwa hivi: nafasi ikibana, futa mbichi zote ambazo mbivu yake ipo. Utaratibu mzuri kabisa. Haukuwahi kutudhuru.

Nyirabahizi alikuja kwetu mara ya kwanza kabla Pancras hajaajiriwa. Alikuwa mama wa Ntobeye, mkulima, aliyevuka kutoka Burundi mwaka ule wa vita watu walipomiminika huku. Njiani, kwenye msongamano, alimpoteza mtoto wake wa kiume, Niyonzima, ambaye alikuwa ndio kwanza ameanza kuongea vizuri. Wenzake walirudi walipoambiwa warudi. Yeye alibaki, akaolewa Ntobeye, akafiwa na mume, na muda wote huo alikuwa akiuliza. Alitaka tumtangazie. Nikamwambia aingie studio aseme mwenyewe, akakataa, eti Kiswahili chake cha sokoni kitamwaibisha. Basi nikamsemea mimi. Desturi yetu ilikuwa tangazo la namna hiyo linasomwa kana kwamba ni mwenyewe anaongea, linaingia moyoni zaidi. Nikasoma: mimi Nyirabahizi wa Ntobeye, namtafuta mwanangu Niyonzima, mwenye kovu chini ya goti, kama yupo hai ajue mama yake yupo hai. Lilikwenda hewani mara nyingi. Hakujibu mtu.

Aliporudi mara ya pili alikuwa mgonjwa, amekonda, bodaboda aliyemleta ilibidi amshike mkono kumteremsha. Safari hiyo hakutaka kutangaza. Alisema anajua hatamwona tena mwanawe kwa macho, kwa hiyo anataka kumwachia sauti, aongee Kirundi chake, aongee peke yake, na isiende hewani kamwe. Siku hiyo kwenye mitambo alikuwa dada mmoja, Odeta, mwenyeji wa Biharamulo. Odeta akamkalisha, akamwashia mashine, akatoka kutafuta chapati. Mimi nilikuwa na kikao cha halmashauri cha kuripoti, nikaenda. Niliporudi nilimkuta bibi amekaa kwenye benchi nje, jasho linamtoka, amemaliza.

Akaniuliza sauti yake inalala wapi. Nikamwita Pancras. Akaja, akamwinamia, shikamoo bibi, marahaba, kisha akamshika mkono akampeleka hadi kwenye kile chumba, akamwonyesha mashine. Nyirabahizi akaigusa ubavuni. Nadhani alishangaa ilivyo na joto.

"Mwanangu akija, mpe," alimwambia. "Mtu mwingine asiisikilize. Hata wewe."

"Atakuja ataikuta, bibi," Pancras akasema. "Na mimi sitaifungua."

Hakupita muda mrefu tukasikia amefariki. Pancras alikwenda kuzika Ntobeye. Alirudi na udongo kwenye viatu, akaingia moja kwa moja kwenye chumba chake kutazama taa. Tangu siku hiyo aliposema habari ya diski hakuwa tena anatania. Alimwambia Danstan mbele yetu sote kwamba mle ndani kuna vitu vya watu ambavyo havina pengine pa kukaa.

Odeta sasa. Odeta ni rafiki yangu na sitaki mtu amseme vibaya. Lakini r na l kwake ni kitu kimoja, kama ilivyo kwa wengi wetu huku ambao Kiswahili tulikikuta shuleni. Kipindi cha uchaguzi aliwahi kuwahimiza wananchi hewani wajitokeze kwa wingi kupiga kula, na wapo waliopiga simu kuuliza chakula kinagawiwa kituo gani. Tulicheka wiki nzima, na yeye alicheka kuliko wote. Alivyotamka ndivyo alivyoandika. Sava yetu ilijaa majina mawili mawili ya mtu mmoja: Manirakiza na Manilakiza, Ruhuro na Luhulo, mbichi kaandika Odeta kwa l, mbivu nimeandika mimi kwa r. Pancras alishazoea. Sikio lake lenyewe halikusikia tofauti. Siku ile Odeta alipohifadhi rekodi ya yule mama, aliandika Nyilabahizi, mbichi. Kisha akaolewa, akahamia kwao Biharamulo.

Danstan naye akapata wazo. Aliona redio nyingine zinaweka video mtandaoni, na sisi tukaanza. Pancras alimweleza kwamba mipango yake yote ya nafasi ilikuwa ya sauti, na video inakula kama nzige, dakika zake chache ni sawa na vipindi vya mwezi. Akaambiwa asiwe mtu wa kurudisha watu nyuma. Ile diski ya akiba ya nje, ambayo alikuwa akinakilia vitu muhimu, ikachukuliwa kubebea video za ziara ya wageni, ikafutwa yote bila yeye kuulizwa, na ilipokuja kurudi ilikuwa imeanguka haisomeki. Hapo alikasirika. Lakini Pancras si mtu wa kugombana, alienda kuandika maombi mengine.

Ikaja asubuhi sava imejaa kabisa. Taa nyekundu, hakuna kinachorekodiwa, kipindi cha asubuhi kimekatika, na wafadhili wako njiani kutoka Bukoba kuja kutazama hizo hizo video. Danstan alisimama mlangoni mwa kile chumba akimwambia futa, futa chochote, wageni wanafika. Pancras akaanza na mbichi. Alikuwa mwangalifu hata kwa haraka ile, nilimwona. Kila mbichi aliitafutia mbivu yake kwanza. Akafika kwenye Nyilabahizi, kubwa. Akatafuta, akakuta Nyirabahizi, ndogo, mbivu. Lile tangazo langu la zamani hakulijua, na kwa haraka ile hakutazama tarehe; alidhani ilisafishwa kabla bibi hajaweka sharti lake. Aliona sauti ya yule mama ipo imesafishwa, imetulia, na hii kubwa ni mbichi yake tu kama zilivyo nyingine zote za Odeta. Kusikiliza kidogo kungemtosha kuhakikisha. Lakini aliahidi hataifungua. Akafuta.

Wageni wakaja, wakatazama video, wakala, wakaondoka. Video nyingine zikamiminwa pale palipopatikana nafasi.

Niyonzima alifika masika yaliyofuata. Alikuwa mtu mzima, fundi seremala, ana mke na watoto Kasulu, mahali alikokulia mikononi mwa watu waliomwokota. Mwanamke wa Ntobeye aliyeolewa Kasulu ndiye aliyesikia habari zake, akaona kovu, akamwambia alikotoka. Alikwenda Ntobeye akaonyeshwa kaburi. Majirani wakamwambia mama yako alikuachia sauti redioni Ngara. Alifika kwetu bado ana vumbi la njiani, kofia mkononi, mpole, anaomba samahani kwa kila kitu.

Pancras alifurahi, sijawahi kumwona vile. Alikuwa akimsubiri mtu huyu. Alimvutia kiti, akampa spika za masikioni zile nzuri, kisha akakumbuka kwamba mtu mwingine hatakiwi kusikia, akageukia ukuta. Akabonyeza.

Sekunde chache tu. Niyonzima akaanza kulia. Alilia kama mtoto, kichwa amekilaza mezani, na alipomaliza akauliza kama anaweza kusikia tena. Akachomoa zile spika mwenyewe ili na sisi tusikie, akasema hana siri, anataka watu wamsikie mama yake. Ndipo chumba kizima kikanisikia mimi. Mimi Nyirabahizi wa Ntobeye. Sauti yangu ya kusomea matangazo, Kiswahili changu cha shule.

Nilifunga mdomo nikahofia hata kuvuta pumzi, maana nikisema neno moja tu atanitambua. Na niseme ukweli wa moyo wangu, nilitaka tumwache hivyo hivyo. Alikuwa na furaha. Alishika meza kwa mikono miwili, anasema, "Mama alikuwa na sauti nzuri, jamani, hamkuniambia." Nani angepungukiwa?

Pancras alinitazama. Kisha akaitazama ile faili, na nikaona inavyomwingia kidogo kidogo, r, l, mbichi, mbivu. Alikaa chini sakafuni.

"Kaka," alisema, "hiyo siyo sauti ya mama yako. Ni ya huyu dada. Ya mama nimeifuta mimi."

Niyonzima hakuelewa. Alidhani ni utani wa watu wa mjini. Pancras akamwelezea yote, hakujitetea popote, hakumtaja Danstan, hakumtaja Odeta, mpaka nikataka kumziba mdomo kwa hasira. Nikataja mimi. Nilimtaja Danstan kwa jina, na diski, na maombi yote yale, nikaongea mpaka nikaishiwa, na nilipoishiwa nikagundua kwamba yule mgeni alikuwa ananisikiliza sauti tu, hasikii ninachosema. Alikuwa ananitazama mdomo.

Pancras alimwomba asubiri mpaka kesho. Alizima sava yote, redio ikakaa kimya, Danstan akapiga kelele na Pancras hakugeuka. Akawapigia watu wa Mwanza wanaojua kufufua vitu vilivyofutwa, wakamwelekeza, akafuata. Mimi nilimkaribisha Niyonzima kwangu, mume wangu akakaa naye, mgeni akala kidogo.

Kesho yake tulimkuta Pancras macho yamevimba. Niyonzima akamsalimia, akaketi pale pale alipoketi jana.

Pancras alisema mashine imekumbuka jina. Imekumbuka na ukubwa. Lakini mahali palipokuwa na sauti pamelaliwa na video, na kilichorudi ni mkwaruzo mtupu mwanzo mpaka mwisho, alishausikiliza wote. Watu wa Mwanza nao wamemwambia hakuna zaidi. Alisema hivyo akasimama wima, kama anayesubiri kupigwa. Nadhani angependa apigwe.

Niyonzima akaniuliza mimi mama yake alikuwa na sauti ya namna gani. Mimi, mtu wa sauti, kazi yangu ya kila siku. Nikatafuta neno nikakosa. Nikamwambia ilikuwa ya chini, ya kukwaruza kidogo, ya mama wa kawaida wa shambani, na nikaona kabisa kwamba sijampa kitu. Akauliza alisema nini. Nikamwambia hakuna aliyesikia, aliomba awe peke yake.

Akamgeukia Pancras. "Na wewe hujui lolote?"

"Najua ukubwa wake," Pancras akasema. "Faili mbichi ya ukubwa ule, kwa mashine yetu, ni saa nzima. Hakukaa kimya, maana angemaliza angetoka nje, na aliyewasha angeizima. Aliongea na wewe saa nzima."

"Saa nzima," Niyonzima akasema. "Walisema Ntobeye kwamba mwishoni hata kumeza maji hakuweza."

Akauliza kama chumba alichoongelea bado kipo. Nikamwambia kipo, ndiyo studio hiyo hapo. Akauliza, kwa ule upole wake wa kuomba samahani, kama tunaweza kumruhusu akae humo kwa muda huo huo wa saa nzima.

Tukamfungulia. Akaketi kwenye kiti mbele ya kipaza sauti kilichozimwa, kofia magotini, nikafunga mlango. Pancras akakaa kwenye benchi nje, akaweka mikono usoni. Ulikuwa wakati wa taarifa ya habari na Danstan akaja mbio akitaka kujua kwa nini sijaingia. Nikamwambia studio ina mtu. Akauliza anarekodi nini, na kwa ruhusa ya nani.

Nikamwambia harekodi. Anasikiliza.